Njia ya bluu inapoteza kasi kila ikifika usiku. Tatizo ni nini hasa?

#1 Mwana_Walukuba (Jinja)

Habari zenu wadau. Klabu yetu hapa Jinja ina meza ya mbao ya njia nne, mzunguko mmoja ni mita 18, na kila Jumamosi tunakimbiza vigari vya mfereji vya kipimo cha 1/32 (vidogo mara 32 kuliko gari halisi). Sumaku hatutumii. Kigari kinashikwa na uzito wake, matairi yake na kidole cha mwenye kontrola, basi. Mfereji tulichonga wenyewe kwenye MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa), pembeni tukabandika utepe wa shaba, na umeme ni volti 12 kutoka pawasaplai ya kompyuta ya zamani.

Sasa sikilizeni. Njia ya bluu, ya tatu kutoka ukutani, mchana haina neno. Kigari changu kinazunguka kwa sekunde 6.0 kama njia nyingine. Ikifika saa mbili usiku kinashuka hadi 6.4. Mtu anaweza kusema sekunde 0.4 ni kitu gani. Zamu yetu ni dakika tatu: kwa 6.0 unapata mizunguko 30, kwa 6.4 unapata 28. Mizunguko miwili ndiyo inayotenganisha wa kwanza na wa nne kwetu. Wiki iliyopita kijana wetu mmoja alikuwa anaongoza njia tatu zote, akaingia bluu ya usiku, akamaliza wa tatu. Alikunja uso mpaka nikamhurumia.

Nimeshabadilisha kigari, ni vilevile. Mnaonaje?

#2 Tororo_Mwamba

Umeme wa jioni huo. Watu wote wamewasha pasi, jiko na televisheni, umeme unashuka. Kwangu balbu huwa zinakuwa za rangi ya chungwa saa mbili. Nunueni stabilaiza, kesi imekwisha.

#3 Waya_Tatu (Ntinda)

Tororo, hapana. Ingekuwa transfoma ya chuma ya zamani ningekubali, kwa sababu ile ukutani ikishuka na mezani inashuka. Pawasaplai ya kompyuta haifanyi hivyo. Inapokea umeme wa kupanda na kushuka, na upande wa pili inatoa volti 12 zilezile, mradi ukutani usishuke kupita kiasi.

Ila Mwana_Walukuba, zile za zamani zina tabia moja: zinasimamia volti 5 na volti 12 kwa pamoja. Usipofunga mzigo wowote kwenye volti 5, ile 12 inalegea ukianza kuivuta. Funga balbu ndogo au rezista kwenye waya mwekundu na mweusi, uone.

Hata hivyo hilo lingepiga njia zote nne. Wewe unasema bluu peke yake. Kwa hiyo mimi natazama utepe.

#4 Kandambili (Bombo)

Mizunguko miwili? Leteni huyo kijana Bombo tumfundishe bluu 😄

Kwa dhati sasa: matairi. Mnatumia ya nini, mpira wa kawaida au silikoni? Silikoni inashika vizuri meza ikiwa safi tu. Vumbi kidogo likiingia, kigari kinateleza kama kimepakwa mafuta. Sisi tuna vumbi jekundu la murram, tunaifuta meza kabla ya kila zamu. Mimi nachonga matairi ya sponji kutoka kandambili za zamani. Nakata kwa bomba lenye ncha kali, nabandika kwenye rimu, kisha nawasha mota na kulizungusha tairi juu ya msasa mpaka liwe duara kamili. Ndiyo asili ya jina langu humu.

#5 Mgeni_Mbarara

Samahani wakubwa, nimeingia kwa bahati tu. Vigari vya mfereji ni vipi? Ni vile vya rimoti?

#6 Binti_Arua

Karibu ndugu. Siyo rimoti. Hapa kigari hakina betri wala usukani. Chini ya pua kuna ulimi unaoingia kwenye mfereji, na kila upande wa ulimi kuna kishungi cha nyuzi za shaba kinachosugua utepe. Umeme unapanda hapo, unaingia kwenye mota, mota inazungusha pinioni (gia ndogo), pinioni inazungusha gia ya ekseli ya nyuma. Wewe kazi yako ni kifyatuo cha kontrola: ukibana kinakimbia, ukiachia kinafunga breki. Ukiingia kona na kasi nyingi kinachomoka, na mwokotaji aliyesimama kwenye kona anakirudisha. Wakati huo wenzako wanaendelea kuhesabu mizunguko.

Unaona ni rahisi mpaka ushike kontrola. Mimi nilichomoka mara kumi na moja dakika tatu za kwanza, na jioni ileile nikauliza klabu inakutana lini tena.

Mchezo huu ulianzia Marekani miaka ya 1960, kampuni ya Aurora.

#7 Mzee_wa_Leicester

Binti, maelezo yako ni mazuri sana, lakini historia naomba nirekebishe. Aurora walianza kuuza vigari vyao vidogo Marekani 1960, sawa. Lakini Scalextric ilikuwa imeshaonyeshwa 1957 kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea mjini Harrogate, Uingereza. Aliyebuni ni Fred Francis, ambaye kampuni yake ya Minimodels ilikuwa inatengeneza vigari vya bati vya Scalex. Akaviwekea mota ya umeme, akavipa mfereji. Vya kwanza vilikuwa Maserati 250F na Ferrari 375, na njia zake zilikuwa za mpira mweusi, siyo plastiki. Kontrola haikuwa na kasi ya kati, ilikuwa kitufe cha kuwasha na kuzima tu. Na ukirudi nyuma zaidi, Lionel wa Marekani walikuwa na magari ya umeme ya kufuata njia tangu 1912.

Haya nayajua kwa sababu nilikuwa na seti hiyo Jinja. Baba alikuwa na duka Main Street, mjomba akaileta kutoka London. Tuliitandaza sebuleni, watoto wa majirani wakaja, Waganda, Wasoga, Wahindi, wote tukipigania kigari chekundu. Mwaka 1972 sisi Wahindi tulipoamriwa kuondoka Uganda, kila mtu alichagua cha kubeba. Mama akasema nguo kwanza. Seti ilibaki chini ya kitanda, na mpaka leo najiuliza ni mtoto gani aliyeipata. Natumaini alikipenda kile chekundu.

Kusikia kwamba Walukuba kuna meza ya njia nne, na vijana wanaumia kwa ajili ya mizunguko miwili, kumenigusa sana. Endeleeni.

#8 Mwana_Walukuba

Mzee, shikamoo. Ukija Jinja kontrola ya njia nyekundu ni yako, na hakuna atakayekuokotea kigari isipokuwa mimi.

Nawajibu wengine. Kandambili, tunatumia mpira wa kawaida, tunaupiga msasa. Waya_Tatu, volti 5 sikuifunga chochote, nitafunga. Kontrola zetu zinakaa kwenye njia, hatubebi za binafsi. Na mota kupata moto nimeiondoa kwenye hesabu, kwa sababu zamu zinazunguka: mwingine anaanza bluu, mwingine anamalizia bluu, na wote wanalia usiku.

Kitu kingine niliwaficha bila kukusudia. Nimetazama daftari upya, na njia ya njano nayo inapoteza usiku, ila sekunde 0.1 tu.

#9 Binti_Arua

Ahsante Mzee kwa masahihisho, nimejifunza.

Kama kontrola zinakaa kwenye njia, basi mtuhumiwa wangu ni kontrola ya bluu. Za rezista zinapata moto sana, na kile kigusio kinachoteleza juu ya waya kinalika. Kigusio kikilika, ukibana mpaka mwisho unadhani umefika mwisho, kumbe bado rezista iko katikati na inakula umeme wako. Kuanzia mchana hadi usiku ni saa sita za kuibana. Badilishaneni kontrola ya bluu na ya nyekundu. Ugonjwa ukihama, mmempata mwizi.

Na angalieni waya wa breki. Kontrola ina waya tatu: mmoja unaleta umeme, mmoja unakwenda kwenye njia, mmoja ni wa breki. Breki yenyewe ni kuunganisha ncha mbili za mota ukiachia kifyatuo, mota inageuka jenereta na kujizuia. Ule waya ukilegea, breki inakuwa dhaifu, dereva anaachia mapema kabla ya kona, na muda unapotea hapo. Utaona kasi imepungua, kumbe mnyoofu ni uleule na kona ndizo zimebadilika.

#10 Seremala_Ndeeba

Mnazungumza umeme tu kama vile meza si mbao.

MDF inakunywa maji. Juu mmepaka rangi, sawa, lakini ndani ya mfereji mlipaka? Nina hakika hamkupaka, watu wengi hawapaki. Pale ruta, ile mashine ya kuchongea, ilipopita nyuzi ziko wazi, na Jinja mko kati ya ziwa na mto. Usiku hewa inabeba unyevu, kingo zinavimba, mfereji unabana ulimi wa kigari. Hauhitaji kubana sana. Msuguano kidogo kwa mita 18 za kila mzunguko, ndiyo hiyo 0.4 yenu.

Jaribio ni hili: chukueni ulimi mtupu, bila kigari, muusukume kwa kidole mfereji wote wa bluu mchana, kisha usiku. Mahali unapokwama mtie alama ya kalamu. Ikithibitika, pigeni msasa laini ndani, kisha vanishi nyembamba mara mbili. Mimi nimetengeneza milango ya MDF ya bafu za watu, najua inavyovimba.

#11 Tororo_Mwamba

Mnakaa kando ya bwawa la umeme lililofunguliwa 1954 na umeme bado unawasumbua 😂 Sisi Tororo tuna mwamba tu na hatulalamiki.

Nina wazo la pili. Mnahesabuje mizunguko? Kama ni kihisi cha mwanga chini ya daraja, usiku mnawasha taa, taa inakichanganya kihisi. Kigari hakijapungua kasi, saa ndiyo inadanganya.

#12 Waya_Tatu (Ntinda)

Wazo hili la pili ni bora kuliko la kwanza, Tororo. Lakini kihisi kikikosa kigari kinakosa mzunguko mzima: ungeona 6.0, 6.0, halafu 12.0. Huwezi kupata 6.4 kila mara. Mwana_Walukuba, zile 6.4 zinafuatana au umechukua wastani?

#13 Mwana_Walukuba

Zinafuatana. 6.4, 6.3, 6.4, 6.5. Hakuna 12.

#14 Nalubaale_Usiku (Jinja)

Mimi ni wa klabu hiyohiyo, na niliwaambia jambo hili mwezi uliopita wakanicheka. Narudia hapa mbele ya watu.

Wadudu wa ziwa.

Wasiokaa kando ya Nyanza (Ziwa Viktoria): hawa ni wadudu wadogo mno, hawaumi, wanatoka majini kwa mawingu mazito kama moshi na kukimbilia taa. Taa yetu kubwa inaning'inia juu ya kona ndefu, na njia iliyo chini yake hasa ni bluu, ikifuatiwa na njano. Wanaanguka mezani. Vigari vinawaponda, majimaji yao yanabaki kwenye utepe wa shaba na kwenye matairi. Shaba inapata utando, vishungi vinasugua utando badala ya shaba, matairi yanateleza. Mchana hakuna taa, hakuna wadudu.

Tena hutoka kwa wingi zaidi mwezi unapoandama. Mwana_Walukuba ana daftari la miezi minne. Achukue kalenda, alinganishe. Kama Jumamosi mbaya kabisa ziko karibu na mwandamo, mniombe radhi kwa chapati na mayai.

#15 Kandambili (Bombo)

Kama ni wadudu nitakuja mwenyewe nione. Lakini nina sababu ya kutilia shaka: tairi lenye uchafu haliusahau uchafu. Ukitoka bluu ukaingia njano na tairi lilelile, ungeteleza na huko. Au mnafuta matairi kila mnapobadilisha njia?

#16 Nalubaale_Usiku

Tunafuta, kwa utepe wa kunata, kila zamu. Utepe wa shaba ndio hatufuti usiku.

#17 Kisumu_Kona

Majirani, hodi. Sisi wadudu hao tunawajua vizuri, wanaingia mpaka kwenye chai. Kwa utepe mimi nafuta kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi.

Nimepita kuuliza jingine. Kuna anayeuza bodi za plastiki nyembamba za magari ya rali? Nataka kupaka moja kwa heshima ya Charlie Muhangi, bingwa wa rali wa Afrika 1999. Mganda wa kwanza niliyemshangilia nikiwa mtoto, na baba alinikatalia mpaka akachoka.

#18 Binti_Arua

Njoo kwa ujumbe wa faragha, ninazo mbili. Lakini bodi nyembamba usiikaze kwenye chesi (fremu ya chini ya kigari). Iache icheze milimita moja. Bodi iliyokazwa inahamisha kila mtikisiko kwenye matairi ya nyuma, na kigari kinaruka kwenye viungo vya meza. Mimi hulegeza skrubu robo duara, na tofauti inasikika hata kwa sauti ya kigari.

#19 Waya_Tatu (Ntinda)

Turudi kwenye bluu. Hii nimeikalia jioni nzima.

Utepe wenu ni wa milimita 6, siyo? Ukiwa na unene wa kawaida wa 0.035, kila mita ina kama ohmu 0.08. Mzunguko wa mita 18 ukilishwa mahali pamoja ni kama pete: umeme unakwenda kulia na kushoto, unakutana upande wa mbali. Pale mbali unapoteza takriban ohmu 0.7 kwa jumla ya reli mbili, yaani tepe mbili za pembeni ya mfereji. Si haba, lakini kigari kinakimbia.

Sasa utepe wa reli moja ukipasuka mahali, hata ufa usioonekana kwa macho, pete imekatika. Kigari hakitasimama! Kitaendelea kupata umeme kutoka upande mmoja tu, na karibu na ufa utapoteza kama mara moja na nusu hadi mara mbili ya ile ya mwanzo. Ndiyo maana watu hawagundui. Mchana ufa umegusana. Usiku mbao ikibadilika kwa unyevu au baridi, ufa unafunguka. Kwa hiyo Seremala anaweza kuwa sahihi juu ya mbao na akakosea juu ya mfereji.

Msipime kwa mita peke yake. Bila mzigo itawaonyesha 12 kila mahali na kuwadanganya. Chukueni balbu ya gari ya wati 21, inavuta karibu ampea 1.75. Gusisheni waya zake kwenye reli mbili, kisha mpime volti palepale. Nendeni nusu mita kwa nusu mita. Mchana mara moja, usiku mara moja.

Na hata mkikuta ni salama, lehemuni nyaya nene chini ya meza, muilishe kila njia mahali manne. Mngefanya hivyo tangu siku ya kwanza.

#20 Seremala_Ndeeba

Nakubali nusu yangu, ile nusu nyingine siiachi mpaka ulimi usukumwe.

#21 Mgeni_Mbarara

Nimesoma uzi wote mara mbili. Kuna klabu Mbarara?

#22 Kandambili (Bombo)

Sasa ipo, ina mwanachama mmoja. Anza na njia mbili, mita nane tu, na kona zisizofanana. Kona zikifanana kidole kinazoea halafu kinalala.

#23 Mwana_Walukuba

Wadau, majibu ya Jumamosi haya hapa.

Saa sita mchana, balbu ya wati 21, upande wa mbali: njia zote nne volti 10.8. Waya_Tatu, hesabu yako imekaa palepale, nikapiga makofi peke yangu.

Saa mbili na nusu usiku: nyekundu 10.8, nyeupe 10.8, njano 10.6, bluu 9.9.

Tulibadilishana kontrola ya bluu na nyekundu. Bluu ikapanda kutoka 6.4 hadi 6.3. Nyekundu ikashuka kutoka 6.0 hadi 6.1. Kwa hiyo Binti_Arua ana sehemu yake, ndogo.

Ulimi mtupu ulipita mchana bila kukwama. Usiku ulikaza mahali pawili kwenye kona ndefu, lakini Nalubaale anasema palepale ndipo wadudu walipokuwa wengi, na kweli walikuwemo ndani ya mfereji. Daftari na kalenda: Jumamosi tatu mbaya kabisa, mbili ziko karibu na mwandamo, moja iko karibu na mwezi mpevu.

Halafu tukafuta bluu yote kwa spiriti, tukasogeza taa upande wa mlango, na nikabonyeza utepe kwa kijiko kwenye viungo vyote. Volti ikapanda hadi 10.4, kigari kikazunguka kwa 6.1. Ukumbi mzima ulishangilia. Yule kijana aliomba zamu yake irudiwe, tukamrudishia.

#24 Waya_Tatu (Ntinda)

Ndugu yangu! Mlifuta, mkasogeza taa na mkabonyeza utepe kwa wakati mmoja?

#25 Mwana_Walukuba

Kwa wakati mmoja.

#26 Waya_Tatu (Ntinda)

Basi hatujui ni kipi kilichoponya. Na 10.4 si 10.8, kitu bado kipo. Balbu nayo ilikuwa inagusa shaba yenye utando, kwa hiyo 9.9 inaweza kuwa ya ufa au ya uchafu.

#27 Nalubaale_Usiku

Mbili kati ya tatu. Chapati na mayai.

#28 Seremala_Ndeeba

Ulikaza mahali pawili. Vanishi.

#29 Mzee_wa_Leicester

Nimepiga hesabu ya kalenda, nitakuwa Uganda mwezi wa kumi na mbili. Naomba msiitengeneze njia ya bluu yote kabla sijafika, nataka kuiendesha usiku nione.

#30 Mwana_Walukuba

Mzee, utaikuta. Jumamosi ijayo tunasogeza taa tu. Kitambaa na kijiko nimemkabidhi Nalubaale avifungie kabatini, na saa mbili na nusu napima tena.